Mbwa wa Marehemu

Jefwa aliniachia baiskeli isiyo na mnyororo,
deni la nondo kwa muuza vyuma,
na mbwa mwekundu, sikio moja limekatika,
jina lake Watasema.
Alimwita hivyo ili jirani asikie.
"Watasema! Njoo ule!"
Na jirani, kila jioni, alijua anasemwa.

Mimi mbwa sikumtaka.
Akipita tu uchochoroni kwetu
Mwanaharusi dobi huanua kanzu za watu kambani,
isije pua ile mbichi ikazigusa,
kisha ndoo, kisha udongo, kisha maji mara saba.
Simlaumu. Nguo za watu, sala za watu.

Lakini Jumamosi ya kwanza baada ya matanga
mnyama alikaa mlangoni tangu adhana ya alfajiri
akizitazama akala za marehemu,
akinitazama mimi,
akizitazama akala.
Nikazivaa. Zikapwaya. Nikasokomeza matambara vidoleni.
Haya, nikasema, twende huko unakokwenda.

Akatangulia.

Tulipita Ganda, mtu akichoma korosho, moshi unauma macho;
tukaiacha lami pale malori ya mawe yanapokata kona,
tukapanda. Watu wa Malindi hudhani nchi hii ni tambarare
kwa kuwa wamesimama mchangani wakatazama maji.
Geuza mgongo uone. Ardhi inainuka, nyekundu,
kilima kimepiga goti juu ya kilima,
na kila ukidhani umefika kileleni
mbwa yuko mbele, mkia tu, kwenye kilele kingine.

Ana vituo vyake.
Alisimama kwenye mkwaju uliopasuliwa na radi, akangoja.
Hapo Jefwa alikuwa akivuta sigara, au akikojoa, sijui.
Alisimama Kakoneni kwa mama wa mahamri,
naye akamrushia moja bila kuuliza,
kisha akaniangalia miguu.
"Hizo akala nazijua. Mwenyewe yuko wapi?"
Nikafungua mdomo. Likaingia vumbi.
Akafunika beseni lake taratibu. Pesa akazikataa.

Karibu na saa sita tukaliona ziwa la Jilore.
Maji yalikuwapo, ndiyo,
yamejikunyata katikati kama mgeni kwenye kitanda cha wenyewe,
na kandokando tope limekauka vigae vigae,
nyayo za kiboko zimo humo tangu masika.
Watasema akanywa, jicho moja kwa mamba.
Nilikaa nikavua akala. Malengelenge mawili.
Ndiyo haya? nikamuuliza.
Ndugu yangu alikuwa akirudi Jumapili usiku
ananuka moshi wa kuni, anasema alipata kibarua Mambrui,
kumbe alikuja huku kutazama tope?

Mbwa alikata kulia
akakipanda kilima cha mwisho mbio, mara ya kwanza siku ile,
na kutoka juu, sauti ya mtoto:

"Rudi! Rudi! Rudi!"

Nikasimama. Tunafukuzwa.
Haki yao, nikawaza, mgeni na mbwa, jua la utosi.
Nikageuka nusu.
Lakini yeye hakurudi, alizidi,
akaruka ua wa miiba, akaangukia mikono miwili midogo,
akalamba uso mzima, masikio, shingo.

"Mama! Rudi amekuja! Rudi amekuja!"

Mwanamke akatoka na mwiko wenye sima.
Aliitazama njia nyuma yangu, mbali, hadi ziwani,
akimtafuta mtu mrefu.
Halafu akaniangalia miguu.

"Mbodze," akasema, "mwache mbwa apumue."
Ila aliyekosa pumzi ni yeye.

Mtoto akaja hadi kwangu. Mwanya ule ule wa Jefwa,
hata namna ya kusimama, mguu mmoja juu ya mwingine.
"Wewe nani?"

"Shangazi," nikajibu.
Neno lenyewe sikuwahi kulivaa.
Likanipwaya kama zile akala.